Valvu ya Mwanzo Katika Amplifaya ya Gitaa: Nafasi Kwanza, Jina Baadaye

Mwaka 1962, katika duka la ala za muziki la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, mafundi Ken Bran na Dudley Craven walipewa kazi ambayo haikuwa ya kubuni kitu kipya. Wapiga magitaa waliokuwa wakipita dukani hapo waliisifu Bassman, amplifaya ya Fender iliyoundwa Marekani kwa ajili ya gitaa la besi lakini ikapendwa na wapiga solo. Bei yake Uingereza ilikuwa ya kukatisha tamaa. Basi mafundi wakaufuata mchoro wa sakiti ya Bassman 5F6-A, toleo lililotengenezwa California kati ya 1958 na 1960, wakaunda ya kwao kwa vifaa vilivyokuwa karibu. Ndiyo JTM45.

Ukiitandika michoro ya amplifaya hizo mbili juu ya meza, zinafanana rezista kwa rezista kiasi cha kutia haya. Ila kwenye soketi ya kwanza, ile inayoupokea waya wa gitaa, Fender iliweka valvu ya 12AY7, na Marshall akaweka ECC83. Marshall ilikuja kuvuma kwa ukali, na tangu hapo wapiga gitaa wengi wamejiaminisha kwamba siri yote imo katika chupa ile moja. Mfano huo naupenda, ila fundisho lake silo hilo.

Tuanze ndani ya chupa. Kathodi hupashwa moto na waya mwembamba mpaka itoe elektroni. Kuizunguka kuna anodi, bamba la chuma lenye umeme wa volti mia na zaidi, na huo ndio unaozivuta elektroni. Kati yao kuna gridi, waya uliozungushwa kama ngazi, ambao wenyewe haubebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia na kuruhusu. Gridi ikiwa hasi sana, elektroni chache hupita. Uhasi ukipungua, hupita nyingi. Umeme wa pikapu za gitaa, ambao kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya volti moja, huitikisa gridi, na mtikisiko ule ule hujitokeza kwenye anodi ukiwa umekuzwa mara nyingi. Valvu ndogo za miguu tisa tunazozizungumzia zina seti mbili kamili za namna hiyo katika chupa moja. Liweke akilini jambo hilo, maana linawachanganya wengi.

Majina nayo yanatisha bure. Wamarekani huanza na volti za waya wa joto: 12 katika 12AX7 ni volti 12.6, ingawa waya huo una kituo katikati na amplifaya nyingi huulisha volti 6.3. Huko Ulaya E ni volti 6.3, CC ni triodi mbili, 8 ni kitako cha miguu tisa, na tarakimu ya mwisho hutenganisha aina na aina. Kwa hiyo 12AX7 na ECC83 ni valvu moja. 12AT7 ni ECC81, na 12AU7 ni ECC82. 7025 ni 12AX7 iliyokusudiwa kuwa na mvumo mdogo. Zote hizi, pamoja na 12AY7 na 5751, zina mpangilio mmoja wa miguu na huingia soketi moja. Ndiyo maana mtu anaweza kuzibadilisha bila kushika chuma cha kulehemu, na ndiyo maana pia porojo zimekuwa nyingi.

Kinachozitofautisha kwanza ni kipimo cha ukuzaji ambacho mafundi hukiita mu. 12AX7 ina 100, 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, 12AY7 iko kwenye 44 hivi, na 12AU7 haizidi 20. Wauzaji wa valvu huyageuza hayo kuwa asilimia, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba 12AY7 itampa chini ya nusu ya nguvu. Hesabu haiendi hivyo. Mu ni uwezo wa valvu ikiwa haina mzigo wowote, ilhali ndani ya amplifaya valvu inasukuma rezista, na yenyewe pia ina ukinzani wake wa ndani. Katika sakiti ya kawaida yenye rezista ya kilo-ohmu 100 kwenye anodi, 12AX7, ambayo ukinzani wake wa ndani ni kilo-ohmu 62 hivi, hukuza mara 60 tu. 12AY7, yenye ukinzani wa takriban kilo-ohmu 25, hukuza mara 35. Tofauti hiyo ni kama desibeli 5. Sikio la binadamu huhitaji karibu desibeli 10 ndipo liseme sauti imepungua kwa nusu. Kama kupungua kwa sauti ndiko kungekuwa jambo lote, tungeyamaliza hapa.

Turudi sasa kwenye Bassman na JTM45. Chukua pikapu inayotoa volti 0.2. Ikipita kwenye ECC83 inatoka na volti 12. Ikipita kwenye 12AY7 inatoka na volti 7. Mbele yake kuna nobu ya sauti, kisha valvu ya pili. Gridi ya valvu hiyo ya pili imewekwa chini ya kathodi yake kwa volti moja na nusu hivi, na hapo ndipo penye mlango mwembamba. Wimbi likipanda zaidi ya volti hiyo moja na nusu, gridi inakuwa chanya, inaanza kunyonya elektroni yenyewe, na kilele cha wimbi kinabanwa. Likishuka mno upande wa pili, mkondo unakatika kabisa. Vilele viwili havikatwi kwa namna moja, na kutolingana huko ndiko kunakozaa zile sauti za juu zinazolingana na noti ya asili, ambazo watu huziita joto la valvu.

Valvu ya kwanza yenyewe, kwa pikapu ya kawaida, haijapasua chochote. Volti 0.2 haziwezi kuisumbua gridi iliyo na nafasi ya volti moja na nusu. Unachokisikia unapobadili chupa ya kwanza ni chupa ya pili, na ya tatu, na wakati mwingine valvu kubwa za nguvu, zikisukumwa kwa nguvu zaidi au kidogo zaidi. Anayesifia ladha ya chupa aliyoichomeka mara nyingi anasifia ladha ya chupa ambayo hakuigusa.

Hapo msomaji mkali atauliza: kama ni kusukuma kidogo tu, si nishushe nobu? Ni swali zuri, na jibu langu haliwafurahishi wauzaji: katika amplifaya za aina hii, mara nyingi ndiyo. 12AY7 yenye nobu kwenye 6 na ECC83 yenye nobu kwenye 4 zinaweza kukaribiana kiasi kwamba mtu aliyefumba macho hazitofautishi. Kinachobadilika ni eneo la kuchezea. Amplifaya yenye ECC83 huenda ikawa safi mpaka 3, kisha nobu iliyobaki yote ni mkwaruzo unaozidi kuwa mnene bila kubadilika sana. Ukiweka 12AY7, eneo lile safi linarefuka, na mpito kutoka usafi kwenda mkwaruzo unakuwa mpana kiasi kwamba mkono wa mpigaji unaweza kuuongoza: ukigusa nyuzi taratibu inaimba, ukizipiga inafoka. Hii ni sababu ya kutosha kubadili valvu, nami sioni haja ya kuongeza miujiza juu yake.

Wapiga gitaa wa kwetu wana sababu ya ziada ya kulifikiria hilo. Mpiga solo wa rumba au wa muziki wa dansi mara kwa mara hupiga noti mbili pamoja, zikitembea kwa tatu au kwa sita. Mpasuko wa valvu hauongezi tu sauti za juu za kila noti. Ukipewa noti mbili kwa wakati mmoja huzaa pia jumla na tofauti ya mawimbi yake, yaani noti ambazo hakuna aliyezipiga. Kwenye roki ya nyuzi nene jambo hilo linavumilika, hata linapendeza. Kwenye sebene ni matope. Mwenye amplifaya ya valvu anayetaka nyuzi zisikike moja moja kwa sauti ya ukumbini atafaidi 5751 au 12AY7 kuliko ECC83 ya bei mbaya yenye jina la kifalme.

Mambo huwa tofauti pale ambapo hakuna nobu kati ya valvu na valvu. Randall Smith wa Mesa/Boogie alijenga jina, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia miaka ya 1970, kwa kuongeza hatua za ukuzaji zinazofuatana ili amplifaya ndogo ipasue sauti bila kuungurumisha mtaa mzima. Marshall nao mwaka 1975 wakatoa 2203, yenye nobu kuu karibu na mwisho wa safari na nusu mbili za chupa ya kwanza zikifuatana. Ndani ya amplifaya kama hizo, ukiweka 5751 badala ya 12AX7 kwenye soketi ya kwanza, umepunguza ukuzaji mara mbili katika njia moja, kwa kuwa wimbi linapita nusu zote mbili za chupa. Kuna sehemu humo ambazo nobu haizifikii, na valvu inazifikia. Kwa maoni yangu, hizi ndizo amplifaya ambazo kubadili valvu ndogo kunaleta faida kubwa kuliko zote, na ajabu ni kwamba wenye nazo ndio wanaotafuta valvu zenye nguvu zaidi.

Kujua njia ya wimbi basi ndiyo kazi ya kwanza, na michoro ya amplifaya maarufu inapatikana kirahisi. Tazama Deluxe Reverb ya Fender ya miaka ya 1960. Ina chaneli mbili: chupa ya kwanza ni ya chaneli ya kawaida, ya pili ni ya chaneli ya vibrato. Wapo waliobadili chupa ya kwanza, wakachomeka gitaa chaneli ya vibrato, na wakasimulia tofauti waliyoisikia. Chupa ya tatu ni 12AT7 inayosukuma springi za mwangwi; ukiona mwangwi umezidi hata nobu ikiwa chini, 12AU7 hapo huutuliza. Chupa ya nne imegawanywa: nusu moja hupokea sauti dhaifu inayorudi kutoka kwenye springi, na nusu nyingine huikuza sauti yote iliyochanganywa. Ukiibadili umegusa mambo mawili, utake usitake.

Chupa ya mwisho kabla ya valvu za nguvu nayo ina tabia yake. Kazi yake ni kutoa nakala mbili za wimbi, moja imepinduliwa, kwa sababu valvu za nguvu hupokezana: moja ikipandisha, nyingine inapumzika. Fender katika amplifaya hizo waliweka 12AT7 hapo, na Marshall wakabaki na ECC83. 12AT7 ilibuniwa kwa masafa ya juu ya redio na hustahimili mkondo mkubwa zaidi, hivyo hufanya kazi hiyo kwa utulivu. Lakini mtu akiihamishia soketi ya kwanza, penye mkondo wa miliampea moja tu, inakuwa imewekwa mahali isipopapenda. Mimi huisikia kavu hapo, yenye ncha. Wengine huipenda. Kama lengo ni kupunguza nguvu bila kupoteza unene, 5751 na 12AY7 zinanishawishi zaidi: ya kwanza ilitengenezwa kama 12AX7 ngumu kwa matumizi ya viwandani na kijeshi, ya pili kwa hatua za mwanzo za vyombo vya sauti, penye hitaji la mvumo mdogo.

Nimesema kwamba fundisho la JTM45 si lile linalorudiwa. Sababu ni kwamba Marshall hawakubadili valvu peke yake. Bassman ilikuwa na spika nne za Jensen za inchi 10 ndani ya sanduku lililo wazi nyuma. Marshall waliweka spika za Celestion za inchi 12 ndani ya sanduku lililofungwa. Transfoma zilikuwa tofauti, valvu za nguvu zikaja kuwa KT66, na kiasi cha sauti kinachorudishwa nyuma kutoka kwenye spika kilikuwa tofauti. Kila kimoja kati ya hivyo kina uzito. Spika peke yake, naamini, ina uzito kuliko chupa zote ndogo zikiwekwa pamoja.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuja baadaye kutoka kwa Marshall hao hao. Kwenye Super Lead ya wati 100 waliacha kuziunganisha kathodi mbili za chupa ya kwanza. Upande wa chaneli kali wakaweka rezista ya kilo-ohmu 2.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.68, mahali ambapo mwanzo palikuwa na ohmu 820 na kapasita ya mikrofaradi 250. Kapasita ndogo namna hiyo haiwezi kuzisaidia sauti za chini. Besi hupungua kabla haijafika kwenye mpasuko, na gitaa linakata badala ya kuvimba. Valvu ni ile ile, ECC83. Kipande cha shilingi chache kilifanya kazi ambayo wengi huitafuta kwa kununua chupa ya tano na ya sita.

Je, chapa na chapa hazitofautiani? Zinatofautiana, lakini kidogo, na si mahali tunapodhani. Kuna uwezo mdogo wa kuhifadhi umeme kati ya gridi na anodi, kama pikofaradi 1.6, ambao valvu yenyewe huukuza pamoja na ukuzaji wake hadi kufika 100 hivi. Ukijumlisha na nobu ya megaohmu moja iliyo kabla yake, sauti za juu huanza kupungua kwenye kilohezi 6. Umbo la bamba likibadilika kidogo, mpaka huo unasogea. Kisha kumbuka kwamba spika ya gitaa ya inchi 12 yenyewe huporomoka baada ya kilohezi 5 hivi. Kinachobaki cha kusikia ni chembamba. Tofauti halisi kati ya chapa, kwa uzoefu wangu, ni ukuzaji usio sawa kati ya chupa na chupa, mvumo, na ugonjwa wa kusikia mitetemo.

Ugonjwa huo si wa kudharau. Vyuma vya ndani vikilegea, chupa inageuka maikrofoni: inapokea mtikisiko wa sanduku, inaukuza, spika inautoa, sanduku linatikisika zaidi. Vox waliuonja mapema. AC15 yao ilitumia pentodi ya EF86 kwenye mlango wa kwanza, valvu yenye ukuzaji mkubwa na sauti nene. Walipoihamishia kwenye AC30, yenye nguvu mara mbili, mitetemo ikaishinda, na muda si mrefu wakaiacha na kuweka ECC83. Ukitaka kuipima chupa, washa amplifaya, igonge taratibu kwa penseli ya mbao. Mlio mfupi mkavu ni wa kawaida. Ikiita kama kengele, ihamishie soketi ya mbele zaidi, ambako kinachofuata ni hatua chache za ukuzaji, au iache.

Kuhusu majina kwenye kioo, tahadhari. Mullard ya zamani ilitoka Blackburn, Uingereza, na Tung-Sol ilikuwa kampuni ya Newark, New Jersey. Valvu mpya zinazouzwa leo kwa majina hayo mawili hutengenezwa kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachotoa pia Sovtek na Electro-Harmonix, zote chini ya kampuni moja ya Mike Matthews. JJ wako Slovakia, na sehemu nyingine kubwa imekuwa ikitoka China. Soko lote linategemea milango michache hivyo, ndiyo maana mwaka 2022, Urusi ilipozuia usafirishaji baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei zilipaa na wauzaji wakafunga maghala. Kwa valvu za zamani zisizotumika, kumbuka kwamba rangi kwenye kioo inafutika na kuchapwa upya. Telefunken halisi ina umbo la almasi lililokandamizwa kwenye kioo, chini, kati ya miguu. Hata enzi zile, kampuni zilinunuliana valvu na kubandika majina yao. Sina shaka kwamba chupa nzuri za zamani zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Nina shaka na anayeuza moja kwa bei ya gitaa.

Ukijaribu, badilisha chupa moja tu kwa wakati, na uilinganishe sauti kwa ukubwa ule ule. Hilo la pili ndilo watu hulisahau: chupa yenye ukuzaji mkubwa hushinda kila shindano kwa sababu tu ina kelele zaidi. Valvu hizi ndogo hujipangia zenyewe kwa rezista ya kathodi, kwa hiyo hazihitaji kurekebishwa kama zile kubwa za nguvu. Zima, subiri zipoe, vuta wima, chomeka wima. Usifungue sanduku la chuma, maana kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata waya ukiwa umechomolewa. Na usidanganywe na miguu tisa: ECC88 na 6922 zinaingia soketi ile ile, lakini waya wake wa joto umepangwa tofauti na anodi zake hazikuumbwa kwa volti za amplifaya ya gitaa.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havina sababu ya kulitaja. Waya wa joto unataka volti 6.3, na watengenezaji huruhusu asilimia 10 juu au chini. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, kama ilivyo jioni katika mitaa mingi ya kwetu, waya huo unapata volti 5.5, chini ya kiwango. Kathodi inatoa elektroni pungufu, volti za anodi nazo zinashuka, na amplifaya inalegea. Vivyo hivyo kwa amplifaya ya Marekani ya volti 120 inayolishwa na transfoma ndogo isiyoumudu mzigo wake. Pima umeme kwanza, tena amplifaya ikiwa inafanya kazi, ndipo uishuku chupa.

Mtu akiniuliza anunue nini, humwambia achukue ECC83 mbili mpya kutoka kwa muuzaji anayepima mvumo, 5751 moja na 12AY7 moja. Hizo nne zinamtosha kujaribu kila soketi ya mwanzo katika amplifaya yake, na fedha itakayobaki aiweke kwa ajili ya spika.